Kioo Kimoja cha Darubini

Hapo zamani, si zamani ya majitu bali ya juzijuzi tu, kule milimani Rungwe chama cha watazama-nyota kilitangaza: atakayeleta picha safi ya pete za sayari ya Zohali atapewa kioo kikubwa cha darubini. Kioo ni kimoja, na hakigawanyiki.

Gwakisa alikuwa na darubini ndogo na kamera. Akapiga, akapiga, Zohali ikatoka kama yai lililovurugwa.

"Si darubini yako," jirani yake Atupele alimwambia. "Ni hewa. Inachemka kama maji ya ugali."

Atupele akaanza kuipima hewa hiyo. Alielekeza kamera yake kwenye nyota moja, akaitazama inavyorukaruka. Ikiruka sana, hewa imevurugika. Ikitulia, piga picha. Kila jioni baada ya sala alipima, na kila jioni akasema, "Bado."

Kiangazi kikayoyoma. Siku moja akashtuka: kamera yake ilikuwa ikichungulia juu ya bati la kanisa, na bati lilitema joto la mchana kutwa! Kumbe hewa iliyochemka ilikuwa ya pale juu ya bati tu.

Moyo ukamsuta. Akaenda. "Gwakisa, nimekupotezea jioni njema nyingi. Mungu anisamehe, nawe unisamehe."

"Nimekusamehe, dada. Hamisha hicho kipimo."

Akakihamishia kwenye shamba la viazi. Jioni hiyo nyota ikatulia tuli. Lakini ng'ambo ya shamba, chini ya Zohali, jirani mwingine, Mwaijande, alikuwa ameshika kiberiti, anataka kuwasha tanuri la matofali ya nyumba yake. Na tanuri likishawaka halizimwi.

"Baba, moto wako utaichemsha hewa!" Atupele akamwambia. "Washa kesho."

"Na mvua je, mwanangu?"

"Jioni hii tu, baba."

"Yaani nyumba yangu iingojee nyota?" Akacheka, akarudisha kiberiti mfukoni.

Gwakisa akapiga. Pete zikatoka safi. Alfajiri mvua ikanyesha. Matofali mabichi yakawa tope.

Picha ikapelekwa kwa majina yao matatu. Kioo kikaja.

Gwakisa akasema, "Darubini yangu, mkono wangu. Na nilingoja kiangazi kizima bila kununa."

Mwaijande akasema, "Mimi nyota sizijui. Ila wanangu wanalala kwa shemeji. Kioo hicho nitakibadilisha kwa matofali."

Atupele aliinama. Angepima vizuri mapema, picha ingepatikana kabla tanuri halijapangwa, alilijua hilo. Akasema polepole, "Kosa ni langu, sikatai. Lakini bila kipimo changu, nani angejua jioni ya kupiga?"

Haya, nyie mnaosikiliza, kioo kiko mezani. Je, ungemkabidhi nani?