Kihenge cha Mahangila

Asiyechungulia kihenge, njaa humchungulia.

Nimeitamka methali hiyo hapa tunapomenya karanga, na wala sikuwa nasema na kuku. Mjukuu wangu Lugembe amejifanya hakusikia. Mkewe Minza ndiye aliyecheka, akauliza nimeitoa wapi, na kihenge chenyewe ni mdudu gani. Haya, binti yangu, mwenye kuuliza hapotei njia. Endeleeni kumenya, nami nitawaeleza ilikozaliwa.

Nyinyi mmekua na magunia. Zamani huku kwetu Usukumani nafaka ilikaa kwenye kihenge. Ni kitu kama kikapu kikubwa kinachompita mtu kwa urefu, kimefumwa kwa fito na kukandikwa udongo, kimesimamishwa juu ya mawe katikati ya ua na kuvikwa kofia ya nyasi. Mtama ulimiminwa kwa juu, kisha mdomo ukazibwa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, wadudu na unyevu wasiingie. Chini kuna tundu dogo lenye kizibo cha mti. Mama akitaka kupika, anakinga ungo, anavuta kizibo, mtama unamwagika. Ukitosha, anaziba.

Mpango mzuri kabisa, ila una hila yake. Kwa nje, kihenge kilichojaa na kihenge kitupu vinafanana. Tena mtama si maji. Maji yakipungua mtungini hutoka kwa unyonge, nawe ukajua. Mtama hutoka kwa nguvu ileile ya siku ya kwanza, mpaka siku unapokatika.

Na wazee waliweka mwiko: kihenge kikishazibwa hakichunguliwi mpaka mavuno mengine, kwa maana macho hufukuza baraka. Sisemi walikosea. Kila ukifungua, unyevu unaingia na panya wanapata njia. Lakini mwiko ni kama mlango. Mmoja anaufunga kumzuia mwizi, mwingine anajificha nyuma yake.

Basi paliondokea mtu aitwaye Mahangila, upande wa mto Simiyu. Alikuwa mtu hodari. Aliwahi kumkabili chui zizini akiwa na mkuki na kovu likabaki begani. Tena alikuwa mkarimu. Mgeni hakutoka kwake mikono mitupu, na siku za palizi pombe yake ndiyo iliyowavuta watu kutoka vijiji vya mbali. Mkewe aliitwa Holo. Walikuwa na binti mmoja, Nkwimba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuvunja ungo.

Mwaka mmoja kweleakwelea walishuka mashambani wakati mtama unakomaa. Ndege wale wakitua huwafukuzi, unawaangalia tu wakila. Mahangila alivuna kilichobaki. Holo alikuwa ameenda msibani kwao, na aliporudi alikuta kihenge kimeshazibwa na kofia imeshavikwa.

"Kimejaa?" akauliza.

"Lini uliona kihenge changu hakijai?" akajibu mumewe.

Lisikilizeni vizuri jibu hilo. Si ndiyo, wala si hapana. Kwa nini hakusema kweli? Kwa sababu aliona haya. Kihenge ndicho kilichokuwa uso wa mwanamume. Basi aliziba, na alipokwisha kuziba akajilazimisha kusahau alichokiona ndani. Ajabu ni kwamba alifaulu kusahau kiasi, lakini hakufaulu kusahau hofu. Hofu ilibaki, tena ikakua, maana sasa haikuwa na kipimo.

Mtu mwenye hofu ya namna ile angebana mkono, sivyo? Wapi! Mahangila alizidi kutoa. Mgeni akija, anajaziwa kapu. Rafiki akimwoza binti, Mahangila anapeleka mtama wa pombe. Alidhani kwamba siku atakayosema "sina ya kutosha," watu wote watageuka kukitazama kihenge chake. Basi akawa anatoa ili wasikitazame.

Holo naye hakuwa mjinga. Siku moja alipokuwa peke yake uani alikigonga kihenge kwa vidole, pale usawa wa kichwa chake. Kikalia kama ngoma. Akagonga usawa wa kifua. Ngoma. Hakuthubutu kugonga chini zaidi. Alirudi jikoni, akapika ugali wa kawaida, na mumewe alipokula hakumwambia neno. Alijiambia pengine mwenye nyumba anajua anachokifanya. Kumbe Mahangila naye alikuwa akikigonga kila Holo anapokwenda kisimani, na alipokwisha kugonga alikaa kizingitini akiwa amelowa jasho. Nyumba moja, watu wawili, kila mmoja anaficha hofu ileile. Naapa hakuna upweke kama huo.

Waliogopa nini hasa? Waliogopa ng'ambo. Ng'ambo ya mto aliishi tajiri mmoja, Bulugu, mwenye vihenge ambavyo havikuwahi kukauka. Aliyeishiwa alikwenda kwake, na Bulugu hakumnyima mtu. Alikupa mtama, nawe ukamwachia binti akae kwake mpaka utakapolipa. Jirani yao Shija alikuwa amempeleka binti yake Kabula mwaka uliotangulia. Mavuno yalikuja, deni likawa limezaa, na Kabula hakurudi. Mama yake alikuwa akienda ukingoni mwa mto kila alipopata nafasi, akisingizia kuchuma mboga. Nkwimba alimjua Kabula. Walikuwa wakilala mkeka mmoja.

Kiangazi kilipokolea, Bulugu alikuja kumtembelea Mahangila. Hakuitwa. Alisema anapita tu. Alikaribishwa kigoda, akaletewa uji, akasifu uji. Akazungumzia mvua. Kisha akainuka kuaga, na alipopita karibu na kihenge akanyoosha fimbo yake, akakigonga mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Kikalia.

Bulugu akatabasamu. Akamtazama Nkwimba aliyekuwa akifagia ua, akamtazama kuanzia miguuni hadi usoni, pasipo haraka. "Una kihenge kizuri, Mahangila," akasema. "Mvua za kwanza zikinyesha nitapita tena. Nadhani tutakuwa na mazungumzo." Akaenda zake.

Nkwimba alisimama na ufagio wake. Alihisi kama mtu ameinua paa la nyumba yao akachungulia ndani.

"Baba," akasema, "amekigonga kihenge chetu akacheka. Amejua nini ambacho sisi hatukijui?"

"Fagia," Mahangila akajibu.

"Nataka kukifungua."

"Umerogwa? Kihenge hakichunguliwi! Unataka kuifukuza baraka nyumbani kwangu?"

Nkwimba alikuwa akilia sasa, lakini hakunyamaza. "Sisi hatukukichungulia, baba, na yeye ametuchungulia. Kama ndani hakuna kitu, mimi ndiye nitakayevuka mto. Si wewe, wala si mama. Basi niache nijue."

Mahangila aliinua mkono kumpiga. Holo akaingia katikati. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba Nkwimba, mimi nimekigonga. Kinalia mpaka kifuani. Chini ya hapo niliogopa."

Mkono wa Mahangila ukabaki hewani, kisha ukashuka wenyewe. Yule mtu wa chui akakaa chini vumbini. "Na mimi nimekigonga," akasema. "Hakikujaa, mama Nkwimba. Hakikujaa tangu siku ile. Naogopa kutazama, maana nikitazama nitajua."

"Na usipotazama," Holo akamuuliza, "mtama unaongezeka?"

Mahangila aliinuka, akaenda kuleta ngazi.

Nkwimba ndiye aliyekuwa mwepesi. Alipanda akiwaambia, "Shikeni ngazi vizuri, miguu yangu inatetemeka." Wazazi wakaishika, huyu huku na huyu kule. Alisukuma kofia ya nyasi pembeni, akauvunja ule udongo kwa mpini wa jembe, akajishusha ndani. Miguu yake ikatoweka, kisha mabega, kisha kichwa. Hawakusikia akitua.

"Nkwimba?" mama yake akaita.

Kimya.

"Mwanangu, unaona nini?"

Kimya kilikuwa kirefu. Mahangila alifumba macho. Baadaye alikuja kusema kwamba katika kimya kile alikwisha kumvusha binti yake mto, akamwona akikonda, akamwona mama yake akichuma mboga ukingoni pamoja na mama Kabula. Hofu humaliza safari kabla miguu haijatoka nyumbani.

Kisha sauti ya Nkwimba ikatoka ndani, ikivuma kwenye ule utupu wa juu. "Baba, mtama upo. Si mwingi. Lakini upo."

Tena akawaeleza jinsi ulivyokaa. Katikati, juu ya tundu, palikuwa na shimo lililokaribia sakafu. Siku chache zaidi, na tundu lingekauka. Holo angevuta kizibo, kisitoke kitu, wangepiga mayowe na kukimbilia ng'ambo. Lakini kandokando, kuuzunguka ukuta, mtama ulikuwa umesimama hadi magotini mwa Nkwimba, mahali ambapo tundu halikuweza kuuvuta. Na upande mmoja, pale kofia ilipokuwa ikivuja, ulikuwa umelowa na kuota ukungu mweusi. Muda ungepita zaidi, ukungu ule ungekula wote.

Kwa hiyo habari haikuwa njema, wala haikuwa ile waliyoiogopa. Ilikuwa habari tu, yenye mwanzo na mwisho. Mahangila alilia pale chini ya ngazi, machozi ya mtu aliyetua mzigo. Msimcheke.

Ndipo kazi ikaanza, maana kutazama peke yake hakushibishi. Walitoa uliooza, wakauanika uliosalia, wakatenga mbegu kwanza. Wakaurudisha, wakausawazisha. Kisha Nkwimba akachora ndani ya ukuta mistari ya mkaa: mpaka mvua za kwanza tusishuke chini ya hapa, mpaka palizi tusishuke chini ya hapa, mpaka mavuno hapa. Kila mwezi ulipoandama, watatu hao walikuwa wakifungua na kutazama pamoja. Mara ya kwanza waliogopa. Mara ya pili kidogo. Baadaye wakawa wanatazama kama mtu anavyotazama jua limefika wapi.

Lililokuwa gumu zaidi halikuwa njaa. Lilikuwa Mahangila kwenda mbele ya rika lake na kusema, "Mwaka huu pombe ya palizi sina." Mahangila alisema hilo huku kovu la chui likimwasha. Wengine walicheka. Mmoja akauliza kama kihenge chake ni pambo la ua. Lakini jioni ile wawili kati ya waliocheka walimfuata faraghani, wakamwomba awasaidie kushika ngazi zao.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Bulugu alikuja kama alivyoahidi, safari hii na punda waliobeba mtama. Hakuketi. Alikiendea kihenge moja kwa moja, akakigonga. Kikalia kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Nkwimba alikuwa amesimama mlangoni, amemshika mama yake kanga, na moyo ulimdunda ingawa alijua kila kilichomo. Hofu ina mizizi, haing'oki kwa siku moja.

"Naona wakati umefika," Bulugu akasema.

Mahangila akaleta ngazi. Akaiegemeza, akaondoa kofia kwa mkono wake mwenyewe. "Panda, mzee. Chungulia."

Bulugu alishangaa, akapanda. Alitazama ndani kwa muda. "Mtama ni kidogo," akasema.

"Ni kidogo," Mahangila akakubali.

"Na hii mistari ni ya nini?"

Nkwimba ndiye aliyejibu. "Huo wa juu ulikuwa wa leo. Mtama bado uko juu yake kwa vidole viwili."

Bulugu alishuka ngazi, akapangusa mikono. Aliwahi kuvuna nyumba nyingi, lakini zote zilikuwa nyumba ambazo watu wake hawakutaka kujua. Hii aliiacha, akawageuza punda wake.

Walikonda mwaka ule, sitawadanganya. Walifika mavunoni mashavu yamebonyea. Lakini walifika watatu. Na maneno ya binti yule, kwamba sisi hatukukichungulia naye ametuchungulia, yakapita mdomo hadi mdomo, yakasuguliwa na ndimi za watu mpaka yakawa methali. Nkwimba alimzaa mama wa bibi yangu. Angevuka mto ule, mimi nisingekuwa hapa kuwasumbua, wala wewe Lugembe usingekuwa hapa kunikwepa.

Ndiyo, nakuona. Tangu mfike asubuhi simu yako imelala kifudifudi pale mkekani, na kila inapolia unaruka kama umekanyaga siafu. Minza naye kila inapolia anaacha kumenya, anatazama pembeni. Mnadhani bibi kazeeka haoni? Nyote wawili mnakigonga kihenge, kila mmoja kwa wakati wake.

Weka chini karanga, mjukuu wangu. Igeuze hiyo simu, uifungue, na mkeo aone kilichobaki na mnachodaiwa. Inawezekana ni kidogo. Inawezekana kuna ukungu pia. Igeuze hivyo hivyo, sisi hapa tumeshika ngazi.

Asiyechungulia kihenge, njaa humchungulia.