Pale Pasikauke

Wapendwa, kabla hatujalifungua somo letu la leo, nipeni dakika chache niwapeleke nyumbani kwa muuza vioo mmoja. Tusiende na viatu vya kukagua. Tuingie polepole, kwa sababu huenda tukajikuta tumefika kwetu.

Muuza vioo huyu alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mpenda vitu vinavyong'aa. Aliishi na mama yake katika nyumba aliyoiacha marehemu baba yake, kwenye mji mkavu wenye vumbi jekundu. Alikuwa amenunua gari la umeme, akafungiwa chaja kwenye ukuta wa pembeni mwa nyumba. Jioni anachomeka, asubuhi gari limeshiba. Majirani wakazoea, wakaacha hata kuchungulia.

Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikwisha kuzima. La kushoto liliona kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Walisubiri zamu ya upasuaji miezi minane, na sasa ilikuwa imefika: Jumatatu, saa mbili asubuhi, hospitali iliyo kilomita tisini. Madaktari wa macho huja pale mara moja kwa mwaka. Ukikosa zamu, anapewa mwingine. Na mama, kwa nyonga yake mbovu, basi hawezi kulipanda. Gari la kukodi la maana mjini lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limeondoka na maharusi, kurudi Jumanne.

Jumamosi asubuhi muuza vioo akalikuta gari lina chaji asilimia kumi na nne. Chaja, badala ya kuwaka kijani, ilikuwa ikimkonyeza kwa taa nyekundu.

Wiki mbili nzima chaja ile ilikuwa ikikatakata, mara inachaji, mara inagoma, naye akasema itajirekebisha. Ninyi hamjawahi kusema hivyo juu ya kitu? Mimi nimesema.

Basi akaanza kuhangaika. Akachomoa, akachomeka. Akazima swichi kubwa, akahesabu mpaka mia, akawasha. Akaleta birika la umeme kujaribu soketi ya jirani na chaja, na maji yakachemka vizuri kabisa, kama ya kumcheka. Akafungua kijitabu cha chaja. Kilikuwa cha Kichina. Akampigia simu aliyemuuzia gari, akaambiwa atume video. Akatuma. Hakujibiwa. Jirani yake akainua kichwa juu ya ukuta, akauliza kwa upole wa kichokozi kama gari nalo limeanza kufunga na kuomba.

Mchana akaja fundi umeme, mtu wa maneno machache, na kipimo chake mfukoni. Akapima hapa, akapima pale. Akasema umeme upo, chaja nzima, gari zima. Kilichopotea ni ethi, ule waya unaoshuka ukutani mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa udongoni. Kazi yake ni moja: umeme ukitoroka, uende ardhini, usije ukampitia mtu. Chaja ilikuwa imepima ardhi, haikuipata, ikakataa kufanya kazi.

Muuza vioo akatazama saa. Akamsogelea fundi, akashusha sauti.

"Fundi, nyie mna njia zenu. Si unaweza kuidanganya tu, iwake? Mpaka Jumatatu. Tukirudi utatengeneza vizuri."

Fundi akafuta kipimo chake kwa shati. "Chaja naweza kuidanganya, bosi. Waya mmoja tu naugeuza, itawaka kijani. Lakini umeme siudanganyi. Ukitoroka, utakaa kwenye bodi ya gari. Nani atashika mlango kwanza?"

Muuza vioo akatazama mlango wa jikoni. Alijua ni nani angepapasa mlango ule, kwa mikono miwili, maana macho hayamwonyeshi kitasa kilipo.

Fundi akauliza fimbo ya shaba iko wapi. Wakafuata waya ukutani, ukashuka nyuma ya jiko na kuzama chini ya vitofali vya pevingi, vipya, vimepangwa kwa uzuri, ukuta mpaka ukuta. Fundi akang'oa vitofali vinne. Udongo wa chini ulikuwa kama unga wa sembe. Aliuchota kwa kiganja ukamponyoka wote. Akasema fimbo haikamati kitu katika vumbi. Ethi inataka udongo wenye unyevu.

Hapo mama akatoka jikoni, mkono ukutani, kwa sababu alisikia vitofali vinang'olewa. Akauliza kuna nini. Mwanawe akamweleza kwa mkato, kama tunavyowaeleza wazee: kuna waya, mama, ardhi imekauka.

"Ya hapo nyuma ya jiko?" mama akauliza. "Si ndipo nilipokuwa namwaga maji ya vyombo?"

Ni kweli. Miaka yote mama alikuwa akimwaga pale maji ya kusuuzia vyombo, asubuhi na jioni. Lakini miezi minne nyuma mwanawe alipopanga pevingi, alimkataza. Alimwambia nyumba ya siku hizi haimwagiwi maji uani, akamwekea sinki lenye bomba la kung'aa. Mama akasema sawa mwanangu, na tangu siku ile hakumwaga hata kikombe.

Muuza vioo akaanza kuomba radhi, akisema hakujua, na mama naye asingeweza kujua. Mama akamkatisha.

"Mimi nilijua. Fundi aliyefunga umeme nyumba hii alimwambia baba yako, pale pasikauke. Baba yako akaniambia mimi. Wewe hukuniuliza kwa nini namwaga, mwanangu. Uliniambia niache."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Kisha akaomba ndoo.

Walimwaga ndoo tatu. Fundi akakaa juu ya vitofali, akasubiri udongo unywe, kisha akapigilia fimbo nyingine ndefu kando ya ile ya zamani, akaziunga, akaagiza mahali pale pabaki wazi. Akapima mara mbili. Saa kumi na moja jioni muuza vioo akachomeka waya, na taa ikawaka kijani. Alikaa chini palepale, mgongo ukutani, akacheka peke yake. Jumatatu saa moja na nusu mama alikuwa kwenye benchi la hospitali, wa tatu kwenye foleni, na siku ya pili bandeji ilipotolewa akamwambia mwanawe amekonda.

Sasa, wapendwa, tuache gari. Muuza vioo alimuuliza nani siku ile? Aliuliza swichi, birika, Kichina, simu. Aliyekuwa na jibu alikuwa hatua kumi kutoka pale, anachambua mchele kwa vidole. Naye hakuulizwa.

Sisi je? Tumeingia katika nyumba tulizorithi, katika ndoa, katika kanisa hili, tukakuta watu wanafanya mambo yanayoonekana ya kizamani. Tukayafunika kwa pevingi. Labda mengine yalistahili kufunikwa, sisemi hapana. Lakini tuliuliza? Na huyo mtu aliposema "sawa mwanangu," tulidhani amekubali, kumbe amenyamaza.

Rehema ya Mungu ni hii: yule mama hakuondoka na ndoo yake. Alikuwa bado yupo jikoni. Wa kwako bado yupo? Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujavua hata koti, nenda kakae karibu naye. Muulize kwa nini. Halafu, tafadhali, nyamaza mpaka amalize.