Watatu Waliogombea Jina la Kuvu

Hapo zamani, wala si ile zamani ya Sungura na Fisi, ni zamani ya juzi tu, mkonge ulipokuwa bado umetanda chini ya milima ya Upare mpaka macho yanachoka, alikuwako mwanamke jina lake Namsifu. Kazi yake ilikuwa kuotesha kuvu.

Msicheke. Wenzake walicheka vya kutosha.

Kuvu ni ule ukungu mnaouona kwenye mkate uliolala, au kwenye kiatu wakati wa masika. Wengine huishia hapo. Lakini zipo zinazomwingia mtu mwilini zikamla polepole, kama mgeni aliyekuja na kikapu kidogo akasema nalala leo tu. Hizo ndizo alizosomea Namsifu. Alikwenda mbali kuzisoma, akarudi na udaktari wa vitabu, si ule wa sindano, akapata kazi katika maabara ya mjini.

Kilichomkaa moyoni kilikuwa miguu ya wakata mkonge. Mtu anachomwa na mwiba wa mkonge, kidonda kinafunga, anasahau. Mwaka unapita. Kisha mguu unavimba kama gunia, unatoboka matundu, na kwenye usaha zinatoka punje nyeusi kama mbegu za mchicha. Hospitali wanampa dawa za bakteria, mguu unazidi. Mwisho wanaleta msumeno. Namsifu akasema: ndani ya punje hizi mna kuvu. Nikiiotesha, nitajua inaogopa dawa gani. Nisipoiotesha, tutaendelea kukata watu kama kuni.

Akaihangaikia mpaka mvi zikamwota. Sahani zake za kuoteshea zikabaki tupu.

Basi walikuwako watu watatu waliomdharau. Mmoja alimdharau kwa Kiingereza, mmoja kwa Kipare, na mmoja kwa lugha ya kambi ya mkonge ambayo sitaisema yote.

Wa Kiingereza alikuwa Profesa Mwakipesile, mkuu wa maabara, bingwa wa bakteria. Katika kazi yao vijidudu hulishwa kwenye visahani vyenye vifuniko, na kisahani kikiota ukungu ni aibu, kama wali ulioungua mbele ya wageni. Hutupwa kimyakimya. Sasa anakuja mtu anaomba nafasi ya kulea ukungu kwa makusudi!

"Bibi Ukungu," alimwambia mbele ya watu, "kiyoyozi hiki hakikuletwa kupepea uozo. Vumbi lako litarukia kipindupindu changu."

Akamhamishia stoo, chumba kisicho na dirisha, kilichopakana na mtungi mkubwa wa kuchemshia vyombo kwa mvuke. Joto la humo, mayai yangeanguliwa bila kuku.

"Mtafaana," alisema, akafunga mlango.

Namsifu akasema, "Asante, Profesa," akapanga sahani zake.

Wa Kipare alikuwa mama mkwe, Bibi Nakijwa, mama yake Eliamani, mume wa Namsifu. Namsifu na Eliamani hawakujaliwa mtoto. Bibi hakulalamika, aliimba. Akimwona mkamwana anapita na sahani zake, anaanza: wenzenu wanabeba watoto mgongoni, wetu anabeba ukungu mikononi. Na kuvu nayo hula. Chakula chake ni mchuzi wa viazi mviringo uliogandishwa, na kwa kuwa maabara haikumpa hata senti, Namsifu aliuchemsha mwenyewe nyumbani. Siku moja Bibi akamnyang'anya kikapu cha viazi.

"Viazi hivi nimevilima kwa mgongo wangu, avile mwanangu. Ukungu haujawahi hata kunisalimia." Akamsukumia kwa mguu ndoo ya maganda ya magimbi yaliyokuwa yanakwenda kwa nguruwe. "Mchemshie mwanao hayo."

Namsifu akasema, "Asante, mama," akachemsha maganda.

Wa tatu alikuwa Shekiondo, mkata mkonge, mguu wake wa kushoto umejaa matundu. Namsifu alimfuata kambini, akamwomba kipande cha nyama ya kidonda, kidogo tu kama ukucha.

"Mama wa ukungu," akasema Shekiondo, "nenda kachune ukuta wa choo. Mguu wangu si andazi, kila apitaye amege."

Wenzake wakacheka mpaka wakaweka mapanga chini. Namsifu akaja tena, akatukanwa tena. Mguu ukaoza mpaka mfupani. Siku waliyoukata juu ya goti, muuguzi akauliza auweke wapi. Shekiondo akageukia ukutani.

"Mpelekeeni mwenye njaa nao. Akimaliza supu yake aniletee mifupa nikazike."

Wakampelekea. Namsifu akauosha, akatoa punje nyeusi, akaufunga ule mguu kwa kanga mpya, akaurudisha kwa mwenyewe. Shekiondo akauzika nyuma ya kambi.

Punje zikalala juu ya mchuzi wa maganda, ndani ya stoo ya moto. Profesa akipita mlangoni anaziba pua. Bibi nyumbani anaimba. Siku zikaenda, na asubuhi moja Namsifu akafunua sahani, akaikuta imeota: nyeusi, ina manyoya, imejikunja kama kitambaa cha mpishi. Ilikuwa imekataa baridi ya kiyoyozi, imekataa viazi vya kila namna, ikakubali joto la stoo na chakula cha nguruwe. Akaijaribia dawa moja baada ya nyingine mpaka akapata iliyoiangusha. Wakata mkonge waliougua baada ya hapo wakameza vidonge, miguu ikapungua, hakuna msumeno.

Akaipekua katika vitabu vya dunia nzima, hakuiona. Ilikuwa kuvu mpya.

Na kuvu mpya sharti ipewe jina, likae vitabuni daima. Lakini watu wa kazi hiyo wana mila yao: aliyeigundua haiiti kwa jina lake mwenyewe. Ni aibu, kama mtu kujipigia vigelegele. Huipa jina la mtu mwingine. Tena walikuwako wazungu ng'ambo nao waliiotesha, wako mbioni. Asipotuma jina Jumatatu, wao wataibatiza.

Redio ikatangaza habari hizo. Jumapili, watu walipotoka kanisani, dharau ikavaa suti ikaja kupiga hodi kwa Namsifu.

"Shikamoo, Profesa. Karibu ndani."

"Marahaba, Daktari wetu. Daktari wetu mpendwa."

Namsifu akageuka kutazama kama nyuma yake yuko mwingine.

"Nitasema kama baba," akaanza Profesa, akikunja suruali isichafuke. "Kuvu hii haikuota penye kiyoyozi. Ilitaka joto. Joto hilo ulipewa na nani? Ningekupendelea, ungekaa penye baridi na sahani tupu mpaka ustaafu."

"Ulinifukuza, Profesa."

"Sayansi hutazama matokeo, Daktari. Mimi nastaafu mwaka huu, na sina jambo lililobaki na jina langu. Kwa Kilatini linakaa vizuri. Nimelijaribu."

Bibi Nakijwa akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe mwenye tai, hebu pisha. Joto bila chakula linaotesha nini? Jiwe nalo linaota jua kila siku, limezaa? Kilichokilisha kile kitu ni magimbi yangu."

"Ulikuwa unayapeleka kwa nguruwe, mama," akasema Namsifu.

"Na nguruwe alilala njaa siku ile. Hilo hulihesabu?" Akaketi. Alipoendelea, sauti yake haikuwa ile ya kuimba. "Tena liko jingine. Kwetu mtoto wa kwanza wa mwanangu huitwa kwa jina langu. Nimengoja mpaka meno yamenitoka. Mtoto hakuja, kimekuja hiki. Basi hiki ndicho mjukuu wangu, mke wa Eliamani. Nitampata wapi mwingine wa kunirithi jina?"

Namsifu akaupokea mwiko mkononi mwake.

Hapo magongo yakagonga kizingitini. Shekiondo aliingia bila kukaribishwa, akakataa kiti.

"Nimewasikia toka nje. Mmoja alikuwa na stoo, mmoja alikuwa na maganda. Mimi nilikuwa na mguu."

"Uliukatalia, bwana," akasema Profesa. "Ungetoa kile kipande kidogo, leo ungekuwa na miguu miwili."

"Ningetoa wakati ule, kingeotea wapi? Mama daktari, si ulikuwa bado unachemsha viazi?"

"Nilikuwa bado nachemsha viazi," Namsifu akakiri.

"Kingekufa. Kwa hiyo hata ukaidi wangu umewafaa." Akaegemea gongo. "Mtu akizikwa huwekewa jina. Mguu wangu uko nyuma ya kambi, mbwa wanapita juu yake. Nataka uwe na jina mahali fulani."

"Afadhali jina la mbwa," akasema Bibi, "kuliko la mtu aliyemtukana mkamwana wangu mbele ya wanaume."

"Wewe ulimtukania nyumbani kwake, bibi, tena kwa wimbo."

Namsifu akawatazama wote watatu. Walikuwa kama warithi wanaosubiri kugawiwa shamba.

"Mnajua mnachokiomba?" akawauliza. "Hii si shule wala barabara. Ni ugonjwa. Mama atamwambia mwanawe, vaa viatu usije ukaliwa na Mwakipesile. Daktari atamwambia mgonjwa, pole sana, Nakijwa ameshafika mfupani."

Profesa akarekebisha tai. "Vitabuni, heshima ni heshima."

"Wajukuu wangapi ni wakorofi," akasema Bibi, "na bado wanabeba majina ya bibi zao?"

Shekiondo akacheka kicheko cha kambini. "Mimi ameshanila. Hana jipya la kunitisha."

Namsifu akavuta karatasi, akashika kalamu. Na hapo ndipo alipokwama. Hakujua moyo wake unataka kushukuru au unataka kutema mate. Jina lile lile moja lingeweza kuwa zawadi, na lingeweza kuwa kofi la kudumu, na kalamu haikumwambia ni lipi. Bila stoo, kuvu isingeota. Bila maganda, isingeota. Bila mguu, isingekuwako ya kuoteshwa. Na katika watatu hao hakuna hata mmoja aliyetaka iote.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza, kesho ni Jumatatu na wazungu hawangoji. Msiniambie angeandika la Eliamani mumewe. Eliamani miaka yote hiyo alinyamaza, na kunyamaza hakujaotesha hata mchicha. Wala msiniambie angewafukuza wote, maana karatasi haiendi tupu. Chagueni mmoja.

Je, nani alistahili kuachiwa jina lake kwenye uozo ule: aliyetoa joto, aliyetoa maganda, au aliyetoa mguu? Na ukishamchagua wako, niambie: umempa shukrani, au umemzaba kofi?