Lakiri Juu ya Fundo la Pandu

Hapo zamani, siku ambazo muhuri ulikuwa haujajiona mwerevu kuliko mwenye kuupiga, palikuwa na mpagazi katika mji wa Gongeni, jina lake Pandu, fukara wa kutupwa, mali yake kamba moja na ulimi. Pandu huyo alibuni fundo la kufungia mizigo, halilegei njia nzima, na mwisho wa safari ukiuvuta mkia wake mara moja, mzigo huo chini. Akawa akimfundisha kila apitaye sokoni pasipo malipo, ila somo alilimaliza kwa maneno yale yale: "Lichukueni bure, ligeuzeni mpendavyo, lakini mkia uacheni shibiri nzima, ukiwa mfupi fundo huteleza. Na mkimfundisha mtu, mpeni na maneno haya: apewaye bure na alipime mwenyewe kabla hajaning'inia juu yake, maana Pandu hamdhamini mtu."

Watu wakalipenda. Mwana Esha mfinyanzi akaliongezea mzunguko mmoja kwa ajili ya mitungi yake, likawa bora kuliko lilivyozaliwa.

Habari zikamfikia Waziri Zahorani, Msimamizi wa Kamba Zote za Dola, ambaye maishani mwake hakuwahi kufunga hata mbuzi. Akaona ule mkia mrefu ni uchafu mbele ya wageni, akaamuru ukatwe. Na maneno ya Pandu akayaona porojo za wapagazi, akayakata pia. Kisha akalipiga lakiri nyekundu, ule muhuri wa nta wa dola, akaliita Fundo Tukufu, likafungwa jumba zima la Sultani, na akavishwa kilemba cha heshima kwa ubunifu wake.

Basi ikawa siku ya kupokea wajumbe wa nchi jirani, Sultani Shekue akatoka amelala katika machela, ile nguo ining'iniayo kwenye mti mabegani mwa watu. Alipofika mbele ya wajumbe fundo la machela likaachia, na Sultani akawapokea wageni kwa makalio.

"Fundo la nani hili?" akanguruma.

Waziri, aliyekuwa mbunifu asubuhi, mchana ubunifu ulikuwa umemtoka. "La Pandu mpagazi, Bwana wangu. Mji mzima ni mashahidi."

Pandu akaletwa mbio. "Bwana wangu," akasema, "mimi nililitoa sokoni likiwa na mkia, na nikasema simdhamini mtu. Lakiri siijui."

"Nyamaza! Tangu sasa kila fundo la namna yako lililomo katika jumba hili li juu ya shingo yako. Likiachia hata moja, kichwa chako ndicho fidia."

"Na iandikwe," akaongeza Waziri kwa upole wa paka.

"Amri ni yako, Bwana wangu. Basi niruhusu nihakikishe hakuna litakaloachia."

"Fanya utakavyo. Asikuzuie mtu."

Pandu akaingia kazini. Akaanza zizini, akaja ukumbini, akapita jikoni na vyumbani, na kila fundo alilolikuta alilifungua kwa adabu, akaendea jingine. Ikawa punda wako barazani wanatafuna mikeka ya wajumbe, mapazia yako chini, ndoo imezama kisimani. Waziri alikuwa amejinyoosha akisinzia baada ya pilau, na suruali yake nayo ilikuwa imefungwa kwa Fundo Tukufu, kwa ajili ya cheo. Pandu hakuibagua.

Sultani, amechoka kwa fedheha, akajitupa kitandani. Kitanda kilikuwa cha kamba. Akajikuta sakafuni mara ya pili siku ile ile.

"Pandu! Kichwa chako!"

"Labeka, Bwana wangu. Ni chako, lakini fundo lipi limeachia? Yote nimeyafungua kwa mkono wangu. Fundo niwezalo kulidhamini kwa shingo yangu ni lile lisilofungwa."

Mara Waziri akaingia mbio. "Bwana wangu, mwendawazimu huyu..." Akainua mikono miwili kumshtaki Pandu, na suruali ikashuka pasipo kungoja amri.

Sultani akaitazama miguu ile ya dola, akaangua kicheko hata machozi yakamtoka. Kisha akakoma.

"Zahorani, mkia wa fundo uko wapi?"

"Niliukata, Bwana wangu. Kwa urembo."

"Na maneno yake?"

"Nilidhani ni porojo."

"Na kabla ya kuipiga lakiri yako, ulilipima?"

Waziri akainama kuiokota suruali yake.

"Mtu huyu alisema hadhamini, akasema kweli," akanena Sultani. "Wewe kwa lakiri yako ulisema ni salama, nami nikalala juu ya lakiri nikidhani nimelala juu ya fundo. Kichwa cha Pandu kibaki mahali pake. Na wewe, kila asubuhi utapanda machela kabla yangu, uzungushwe mji mzima, nami nitakutazama dirishani. Kilemba kile mpe mwenyewe."

Pandu akapokea kilemba, akakipima urefu, akaona kitafaa kufungia kuni. Kisha akainama sikioni mwa Waziri. "Nikufundishe, Bwana Waziri? Ni bure."

Waziri akaikaza suruali mkononi. "Nifundishe," akanong'ona. "Lakini anza na yale maneno."