Kikombe Kinachonuka

Ndugu zangu, ofisi moja kubwa ilikuwa na tangi la kioo pale mapokezi, la maji ya bahari, lenye matumbawe hai na samaki wa kila rangi. Mama aliyelitunza aliwapenda samaki wale kama wajukuu. Akiingia, anawasalimia wao kwanza, mlinzi baadaye. Pembeni palikuwa na mashine ndogo ya kupuliza hewa majini. Povu linapanda na uchafu usioonekana kwa macho, linamwagikia kwenye kikombe. Kila asubuhi mama alikimwaga. Kilinuka, nani abishe?

Mkurugenzi mpya akapita, akaziba pua, akaunda kamati. Kamati ikanywa chai, ikakagua, ikaandika: "Maji ni safi. Samaki ni wazima. Uchafu wote umekutwa ndani ya mashine. Inapendekezwa mashine iondolewe."

"Bosi," mama akasema, "uchafu ule ni wa maji."

"Maji yamekaguliwa, mama. Hayana uchafu."

"Hayana kwa sababu unatolewa!"

"Mama, ripoti imeshagongwa muhuri."

Wewe uliyeketi hapo, ungebishana na muhuri? Mashine ikazimwa. Juma la kwanza mapokezi yakanukia marashi, kamati ikapewa barua ya pongezi. Juma la pili maji yakawa ya manjano, matumbawe yakajikunyata, samaki wakapanda juu wakitweta. Mama akabeba ndoo za maji mapya mpaka kiuno kikamgomea. Moyo ukamwambia: kesho utawakuta wameelea.

Mkurugenzi akaja mbio. "Mama, uchafu huu kauleta nani?"

"Hakuna aliyeuleta, bosi. Ni ule ule wa kila siku. Umekosa pa kutokea."

Mkurugenzi akaichomeka mashine kwa mkono wake mwenyewe. Povu likafurika, likamlowesha viatu, likanuka kuliko mwanzo, naye akashangilia kama timu yake imefunga bao: "Njooni mnuse! Njooni mnuse!" Siku ya tatu matumbawe yakachanua, na mama akacheka hadi khanga ikamdondoka begani.

Wajuzi wanasema tangi lenye samaki wachache, likibadilishwa maji kila wiki, laweza kuishi bila mashine. Sawa. Lakini sisi, tulivyojazana na mambo yetu, tutaweza? Mwenzetu akisimama kuungama, tunanong'ona, "Kumbe mchafu hivi!" Aliyenyamaza miaka ishirini tunamchagua mzee wa kanisa. Jamani, kamati ile si sisi?

Leo yupo mtu humu ambaye maneno yamemfika kooni. Mlioketi naye benchi moja, vuteni miguu, apate kupita. Na akimaliza kusema, akina mama, nataka vigelegele.