Firigisi ya Sikudhani

Hapo zamani, enzi ambazo kuku hachinjwi mpaka pawe na sababu, aliishi msichana aitwaye Sikudhani. Alilelewa katika kituo cha watoto yatima tangu akitambaa. Kituoni kila jambo lilikuwa na kengele: kengele ya kuamka, kengele ya kuoga, kengele ya kula. Aliyetia mkono kwenye sahani kabla ya kengele alinyang'anywa sahani.

Basi ikatoka amri kwamba watoto waondolewe vituoni, wakalelewe kwenye familia. Ilikuwa amri njema, msinikunjie uso. Ndugu wakatafutwa, akapatikana shangazi yake Sikudhani, jina lake Mwasiti, mjane asiye na mtoto, mnene, mpishi hodari. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba marehemu kaka yake aliacha mtoto. Aliposikia alilia, kisha akapaka nyumba chokaa.

Afisa ustawi, Bwana Mgeta, akamleta mtoto na kifurushi chake cha nguo. "Nitarudi mwezi ujao," akasema. "Nikimkuta bado anaishi kama mgeni, nitampeleka kwa watu wengine."

Mwasiti akapika wali wa nazi. Sikudhani akakaa mkekani, mikono magotini, akautazama. Akapika samaki wa kupaka. Mikono magotini. Akapika maandazi ya iliki, yale ambayo hata mgonjwa huamka akayala. Mikono magotini.

"Kula, mwanangu."

"Ahsante, shangazi."

Lakini hali chochote. Kifurushi nacho kimekaa mlangoni, hakijafunguliwa. Mwasiti akaanza kukonda kwa wasiwasi, na kumkondesha Mwasiti si kazi ndogo.

Akaja jirani, Mzee Ngwali mfuga mbuzi, kuuliza kulikoni. Wakiwa wanazungumza, beberu wake akatikisa shingo pale nje. Kengele yake ya shingoni ikalia. Sikudhani akainuka, akanawa, akala wali, akala samaki, akakomba na bakuli.

Mzee Ngwali akatoka, akamvua beberu kengele. "Shika, Mwasiti. Mtoto ale kwanza, ya mbuzi tutajua mbele."

Ya mbuzi yakajulikana upesi. Beberu bila kengele alipotea, akaonekana kwenye mihogo ya watu, na Mzee Ngwali akatukanwa mpaka na watu wasiolima mihogo. Lakini Sikudhani alikula. Tatizo ni kwamba sasa alitaka kula kila kinapolia kitu chochote. Muuza kahawa akipita akigonganisha vikombe vyake, mtoto ananawa mikono.

Ndipo akaja Bi Tausi kumjulia hali. Huyu alikuwa mlezi kule kituoni, na kituo kilipofungwa kazi yake nayo ilikwisha. Akamkuta Mwasiti anatikisa kengele ya mbuzi juu ya bakuli la uji. Bi Tausi akaona aibu, maana kengele ya kituoni alikuwa akiipiga yeye. Akaichukua ile ya mbuzi, akang'oa kile chuma kinachogonga ndani, akakitupa chooni.

"Dada Mwasiti, usimwite tena kula. Pika, funika, utoke nje."

"Atakufa njaa."

"Hafi. Namjua."

Ikawa hivyo. Mwasiti anapika, anafunika, anatoka uani, anajililia, Bi Tausi kamshika kanga asirudi ndani. Wakirudi, mtoto kakaa pale pale, mikono magotini, na wanalazimika kumlisha uji kwa kijiko.

Ikafika siku ya Bwana Mgeta. Mwasiti akamchinja jogoo wake wa pekee, akamuunga kwa nazi, akafunika. Yeye na Bi Tausi wakatoka kumpokea mgeni, na Mzee Ngwali naye akaja, maana harufu ilimfuata kwake.

Walipoingia walimkuta Sikudhani sakafuni jikoni, sufuria katikati ya miguu, mchuzi mpaka viwikoni. Kifuniko kiko kule. Jogoo hayupo.

Mwasiti akachungulia sufuria. Ilikuwa tupu. Akapiga kigelegele, akamkumbatia mtoto na mchuzi wake wote.

Bwana Mgeta hakuwa amekunywa hata chai, alikuwa amemtunzia jogoo huyo tumbo. Akasema kwa huzuni, "Mgeni hafunui sufuria ya watu. Mtoto huyu ni wa hapa."

Sikudhani akafuta mikono, akatoa kisosi nyuma ya mtungi. Kilikuwa na firigisi. Kituoni wafadhili wakija ndipo kuku alipopikwa, na firigisi, ambayo haikatwi, alipewa mkubwa wao. Hilo alikuwa ameliona.

"Hii nimemwekea mtu wangu," akasema. "Nipeni jibu, mtu wangu ni nani?"

"Ni mimi," akasema Mwasiti. "Damu yangu, nyumba yangu, sufuria yangu. Na jogoo pia alikuwa wangu."

"Ni mimi," akasema Mzee Ngwali. "Bila kengele yangu angekuwa kaburini, hiyo sufuria angeifunua nani? Na mimi nimetukanwa."

"Ni mimi," akasema Bi Tausi, taratibu. "Nilimbeba akitambaa. Kengele niliifunga mimi kichwani mwake, na mimi ndiye niliyemfungua."

"Mkishindwa kuelewana," akasema Bwana Mgeta, akinyoosha mkono, "mgeni naye..." Mwasiti akamchapa mkono kwa mwiko.

Sikudhani akawatazama mmoja mmoja. Akaenda mlangoni, akakifungua kifurushi chake, akatundika gauni lake msumarini, akarudi na kisosi.

"Semeni basi," akasema. "Inapoa."

Haya, nyinyi mlioshiba mkaja kunisikiliza, msiniangalie mimi. Firigisi ni moja na mtoto kasimama. Je, nani alistahili?