Mimba ya Bwana Fisi

"Hadithi, hadithi!"

"Njoo!"

"Nije na viatu au pekupeku?"

"Pekupeku!"

"Haya, shauri yenu. Hadithi ya leo inapita chooni."

Hapo kale wanyama walikuwa na soko, na soko lilikuwa na choo, na choo kilikuwa cha Bwana Fisi. Msiniulize alikipataje. Fisi akikalia kitu, ni chake.

Siku moja Fisi akaleta mashine, kasha refu la bati, akalipigilia misumari kwenye ukuta wa choo cha akina mama. Ukitia sarafu, kasha linasema krrr... ta! na kijiti cha kupimia mimba kinadondoka. Unakikojolea, unasubiri kidogo. Mstari mmoja, huna kitu. Mistari miwili, anza kushona nguo za mtoto. Ukimaliza, unakitupa kwenye debe, unakwenda zako.

Loo, wanyama walishtuka! "Kipimo cha mimba chooni? Sokoni? Jamani, aibu gani hii!" Asubuhi walisema aibu. Mchana foleni ilikuwa imefika kwenye meza za nyanya. Maana kasha lile halikuulizi mume wako ni nani, wala haliendi kumwambia mama mkwe.

Katika foleni alikuwemo Bi Digidigi, mdogo, miguu myembamba, macho makubwa. Alikuwa ameolewa siku nyingi bila mtoto, na mawifi walikuwa wamemchosha kwa maswali. Akatia sarafu. Krrr... ta! Akapima, akafumba macho, akafumbua jicho moja. Mistari miwili! Akafumbua la pili. Mistari miwili! Akalia, akacheka, akalia tena, peke yake mle chooni. Akatupa kijiti kwenye debe, akatoka.

Mlangoni alisimama Fisi.

"Hongera, Bi Digidigi," akasema kwa upole. "Utajifungulia wapi?"

Bi Digidigi akaganda. Hata mumewe hajui! Hata yeye mwenyewe amejua sasa hivi!

"Nani kakwambia?"

"Aa, uso wako unang'aa. Utajifungulia wapi, mama? Kwenye nyasi au kwenye vichaka?"

"Kwa mama yangu," akajibu, akaondoka. Lakini hakwenda mbali. Alizunguka nyuma ya choo, akachungulia kwenye ufa wa ukuta, na alichokiona kilimkausha mate. Fisi alikuwa ameingia na kumwaga lile debe chini. Ananusa kijiti, anasema. Ananusa kingine, anasema.

"Hmf, hmf. Huyu Swala. Mistari miwili. Mtamu! Hmf, hmf. Huyu Punda Milia. Mstari mmoja. Hana faida. Hmf, hmf. Huyu Digidigi. Mistari miwili. Kadogo, lakini laini, unatafuna mpaka mifupa."

Salaale! Bi Digidigi akamkumbuka Mama Ngiri, aliyejifungua salama, akaenda kunywa maji, akarudi akakuta shimo tupu. Wote walisema ni chui. Na msibani Fisi ndiye aliyelia kuliko wote! Mtoto aliyemngoja muda wote huo, hata hajazaliwa, tayari ameshapangiwa sufuria!

Aseme? Nani angemshika Fisi, mwenye meno ya kuvunja mguu wa nyati? Akaenda kwa Bibi Kobe, mkunga wa wote, akamweleza. Bibi Kobe alishtuka akavuta kichwa ndani ya gamba, hakukitoa mpaka uji wake ukapoa. Alipokitoa, wakanong'onezana.

Siku ya soko iliyofuata, Bi Digidigi akasimama katikati ya foleni, kanga mpaka miguuni, akapiga kelele:

"Vipimo vibovu! Jamani, vipimo vibovu! Msipoteze sarafu zenu!"

Foleni ikayumba. Akina mama wakaanza kuondoka. Fisi akaja mbio, puku puku puku.

"Vibovu? Mashine yangu?"

"Mbovu tupu. Inampa mimba kila anayepima. Bisha!"

"Nabisha!"

"Basi pima wewe, dume zima, tuone. Ukipata mstari mmoja, nakuomba radhi hapa hapa, mbele ya soko."

"Na kikiwa kibovu," akasema Bibi Kobe, "kasha tunaling'oa leo."

Fisi akaona nyama zote laini za msimu ule zinamponyoka. Akanyakua kikopo alichonyooshewa na Bibi Kobe, akaingia chooni, shwaaa! Akatoka, akakiweka kikopo ukutani, akavimba kifua.

"Bwana Fisi," akasema Bi Digidigi, "ule mfupa pale nyuma yako kaudondosha nani?"

"Wapi? Wapi?"

Fisi akageuka. Bi Digidigi akatoa chini ya kanga kikopo chake mwenyewe, chenye mkojo wake wa asubuhi, akabadilisha. Chapu!

"Aa, kumbe jiwe," akasema Bi Digidigi. "Haya, tupime."

Krrr... ta! Kijiti kikatumbukizwa. Wote wakainama kutazama. Mstari wa kwanza ukatokea. Fisi akacheka. Kisha, taratibu, ukatokea wa pili.

Mama Ngiri akaangusha kikapu.

"Bwana Fisi," akasema Bibi Kobe, "kipimo ni kizima au kibovu?"

Akisema kibovu, kasha linang'olewa. Akisema kizima... Fisi akalitazama kasha. Akatazama foleni, akina mama wamenona, matumbo yanaanza kutokeza. Mate yakamtoka.

"Ki... kizima," akasema.

"Basi una mimba."

"Mimba?" Akashika tumbo lake kubwa. "Mimi? Ndiyo maana asubuhi nilitapika!" Alikuwa amekula kiatu, lakini hilo alilisahau.

"Kuanzia leo hutoki ndani," akasema Bibi Kobe. "Na nyama mwiko. Ukila nyama mtoto atanenepa, atashindwa kupita."

"Atapita wapi?" akauliza Fisi, macho yamemtoka.

"Hilo tutalijua siku ikifika."

Hapo Mama Ngiri akasogea, karibu kabisa na uso wake. Alikuwa na swali lile lile aliloulizwa yeye siku ile mlangoni.

"Hongera, Bwana Fisi," akasema. "Utajifungulia wapi?"

Fisi akatazama chini. Akaingizwa kibandani, mlango ukazibwa kwa miiba, akapewa uji. Kesho uji. Keshokutwa uji. Tumbo likinguruma kwa njaa, grrr, grrr, anapiga yowe: "Anacheza! Bibi Kobe, anacheza!" Naye Bibi Kobe anajibu nje: "Tulia, mama. Bado kidogo."

Mvua zikaja, mvua zikaisha. Swala akajifungua. Mama Ngiri akajifungua tena, akaenda kunywa maji, akarudi mbio, akakuta watoto wote wapo, akaketi chini akalia. Bi Digidigi akazaa katoto kamoja, miguu inatetemeka, macho makubwa ya mama yake. Akamlamba kuanzia masikioni mpaka mkiani, halafu akaanza upya.

Kasha bado lipo chooni. Debe ndilo walilolichoma moto.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mashine hizi chooni ni hatari, tuzikatae. Mmeona wenyewe, zinatia mimba wanaume wa watu! Tena mwacheni Fisi apumzike. Mfanyabiashara mwaminifu yule, kipimo chake hakikudanganya hata mara moja.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ikiwanukia vizuri, gawaneni. Ikiwanukia vibaya, niliwaambia mapema ilikopitia. Na mkimsikia fisi analia kule porini, uuuu-wi, msiogope. Ameshikwa na uchungu, na Bibi Kobe anamwambia bado kidogo.